Kilomita au Mlima wa Bogoro: Lini Ubadilishe Filta ya Mazutu

Land Cruiser iliyopakia samaki Kasenyi huondoka ufukweni mwa Ziwa Albert, kwenye mwinuko wa takriban mita 620, na mpaka ifike Bunia imepanda zaidi ya mita 600. Sehemu ngumu ya safari hiyo ni mlima wa kuelekea Bogoro. Hapo ndipo filta ya mazutu iliyoziba hujulikana. Gari lilinguruma vizuri wakati wa kupakia na likakimbia bila tabu kwenye tambarare. Sasa dereva anakanyaga mafuta, na nguvu zinakata. Anapunguza mwendo, linapata nafuu kidogo, kisha linakata tena.

Injini ikinguruma palepale hunywa mazutu kidogo mno, na hata karatasi iliyojaa uchafu huyapitisha. Ikibeba mzigo mlimani huhitaji mafuta mengi kwa mara moja, na kuziba kunaonekana. Kwa hiyo fundi anayepima gari uani, bila mzigo, akasema filta ni nzima, hajapima kitu.

Kabla ya kuilaumu filta, tazama moshi. Gari likikosa nguvu huku likitoa moshi mweusi, anza na filta ya hewa, hasa miezi ya vumbi, Desemba hadi Februari. Hewa imepungua na mazutu yamezidi. Likikosa nguvu bila moshi, linakosa mazutu, na hapo ukaguzi uanze kwenye tangi na uendelee mpaka kwenye pampu.

Vitabu vya magari ya dizeli hutaja kilomita 10,000, 20,000, hata 40,000, kulingana na injini na mazingira. Bunia nashika ile ndogo, na hata hiyo naichukua kama mwisho wa subira. Mafuta yetu yametoka mbali: bandari ya Mombasa, Kenya, Uganda, kisha mpakani Mahagi au Aru. Mengine yanamiminwa tena kwenye mapipa na bidoni kabla ya kufika kwenye tangi lako. Kila yanapohamishwa, kutu, vumbi au maji ya mvua yanaweza kuingia. Baridi ya usiku nayo huacha matone ndani ya tangi lililo nusu tupu. Ukirudi jioni, jaza.

Maji ndiyo adui mkubwa kuliko vumbi. Injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 iliyoingia kwenye Land Cruiser tangu 1990 na ambayo mafundi wetu wanaijua kwa kupapasa, ina pampu ya injekta inayolainishwa na mazutu yenyewe. Maji yakipita, vyuma vinasuguana vikavu. Bahati nzuri maji ni mazito kuliko mazutu, hivyo hutulia chini ya filta. Kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, legeza skrubu ya chini na ukinge kwenye chupa nyeupe. Iache itulie, kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona mstari na maji chini yake, toa mpaka yaje mazutu matupu. Yakirudi wiki inayofuata, tatizo liko kwenye tangi au kwa muuzaji wako, na filta mpya haitalimaliza. Wala filta haiwezi kutenga mafuta ya taa yaliyochanganywa. Hayo hupita pamoja na mazutu.

Kazi yenyewe si ndefu, ila inataka usafi. Osha kichwa cha filta na sehemu zote za jirani kabla ya kufungua chochote, kwa sababu chembe ikiangukia upande wa pampu hakuna tena cha kuizuia. Toa mazutu kwa skrubu ya chini, chomoa waya wa taa ya maji, kisha fungua filta kwa spana ya mkanda. Hakikisha ringi ya zamani haikubaki imeganda juu. Hamishia kipima maji kwenye filta mpya, paka ringi mpya mazutu safi, kaza kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Hapa nina ugomvi na desturi moja ya garaji: kuijaza filta mpya kwa mazutu ya bidoni kupitia tundu la katikati. Tundu hilo ni njia ya kutokea, na unachomimina hapo hakichujwi. Tumia pampu ya mkono iliyo juu ya kichwa cha filta, isukume mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe.

Gari likiendelea kukata baada ya hapo, usitafute mahali panapovuja tu. Kwenye 1HZ mazutu huvutwa kupitia filta, hivyo ufa mdogo kwenye mpira unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone. Funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu, washa, utazame. Mapovu yakipita, umempata mwizi.

Filta ya zamani usiitupe. Ipasue kwa mkasi wa bati, maana unga wa msumeno utakudanganya, na ukunjue karatasi yake. Wekundu wa kutu unakupeleka kwenye tangi au mapipa. Ute mweusi ni vijidudu vinavyoota pale maji yanapokutana na mazutu, na tangi lazima lioshwe. Chembe zinazong'aa zinadai uchunguzi zaidi kabla ya safari ndefu.

Yote haya yanafaa kwa injini za zamani zenye uvumilivu. Dizeli mpya hupeleka mafuta kwenye injekta kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 1,600, na nafasi kati ya vyuma ni mikroni chache tu. Mwenye gari la aina hiyo asisubiri mlima wa Bogoro umwambie. Abadilishe kwa kilomita, anunue filta iliyotajwa kwa injini yake hata ikiwa ghali, na abebe ya akiba anapokwenda Mahagi au Komanda. Na asiilegeze mirija ya injekta kuangalia kama mazutu yanafika huku injini ikizunguka, kama tulivyozoea kwenye 1HZ: kwa shinikizo hilo mazutu hutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbiziwa hospitali siku hiyohiyo.