Sifa Zimezidi Sauti: Kuusoma Upya Wasifu wa Siti binti Saad

Wengi wetu tuliusoma Wasifu wa Siti binti Saad tukiwa sekondari, tukajibu maswali ya mtihani, basi, tukauweka kabatini. Katika makala hii nataka tuutoe tena. Hoja yangu ni moja: Shaaban Robert ametupa mtu mwema, lakini ametupunguzia msanii.

Kwanza tumtendee haki mwandishi. Alionana na Siti siku za mwisho za maisha yake, kabla hajafariki mwaka 1950, akayasikia mengi kutoka kinywani mwake. Tena, wakati ule nani alidhani kwamba mwanamke wa Fumba, mfinyanzi, aliyeitwa Mtumwa kabla ya kuitwa Siti, anastahili kuandikiwa kitabu? Kimaudhui hilo ni tendo la kimapinduzi.

Tatizo liko kwenye fani. Neno lenyewe wasifu ni ndugu wa sifa, na Shaaban amelichukua hivyo hasa. Umaskini unageuzwa funzo la subira, na umaarufu funzo la unyenyekevu. Msomaji anafunga kitabu akimheshimu Siti, lakini ukimwuliza mwimbaji huyu alifanya nini na lugha, anakwama.

Tuwatazame wenzetu. Giuseppe Verdi wa Italia naye alitoka chini, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha Le Roncole, na Waitalia wanapenda kuisimulia hadithi hiyo. Hata hivyo hawaishii hapo. Wanaichambua Otello yake ya 1887, wanaulinganisha muziki na tamthilia ya Shakespeare, wanabishana. Mbona sisi Siti tunamsoma kwa tabia yake tu?

Chukua wimbo wa Kijiti. Mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam anauawa Unguja, mwuaji anatorokea Bara, na wanawake waliokuja kutoa ushahidi wanageuziwa kibao na mahakama. Hapa pana mgogoro, pana wahusika, pana msimamo juu ya sheria ya mkoloni na nafasi ya mwanamke. Kama hiyo si fasihi, basi jamani tufunge idara! Ni fasihi simulizi iliyonaswa kwenye santuri. Siti na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa huku kwetu kufanya hivyo.

Liko jambo jingine linalonigusa mimi binafsi. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi, ya Tabora, na mama alikuwa Mzigua, ingawa wote wawili walizaliwa Unguja. Nimekulia Ng'ambo, ile ya Tabora. Siti naye aliishi Ng'ambo, ile ya Unguja, ng'ambo ya mkondo wa maji uliotenga Mji Mkongwe na makazi ya wafanyakazi na waliokuwa watumwa. Kati ya Ng'ambo hizi mbili ipo njia ya misafara, Tabora hadi Bagamoyo, kisha bahari. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, wapagazi na watumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njiani, mzigo ukiwa begani.

Sisemi kwamba taarabu ilitoka Tabora. Huo ungekuwa uongo wa kujipendekeza. Nasema mhakiki akiisahau njia hiyo, jina Mtumwa linabaki kama ajali tu ya utotoni, wakati ni historia nzima ya utabaka iliyobandikwa juu ya mtoto mmoja. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Mtoto huyo, aliyezaliwa yapata 1880, alikuwa keshapewa jina.

Wapo watakaosema namlaumu Shaaban kwa kutoandika kitabu nilichokitaka mimi. Nakubali kiasi. Yeye aliandika wasifu, na kazi ya wasifu ni kusifu. Lakini kazi yetu sisi wahakiki siyo kusifu kwa mara ya pili.

Hivyo napendekeza: tukifundisha Wasifu, tuweke santuri kando ya kitabu. Wanafunzi wazisikilize nyimbo, wazinukuu kwa maandishi, wazichambue fani na maudhui kama tunavyofanya kwa tenzi. Siti alikuwa mtunzi na mfasiri wa maisha ya watu wake. Tukiendelea kumweka darasani kama mhusika ndani ya kitabu cha mtu mwingine, tutakuwa tumemnyamazisha kwa heshima.