Kukamua au Kuminya?

Katika uchapaji wa tishu hai, mashine husukuma uji mzito wenye seli upite katika sindano, utoke kama uzi, nao uzi hupangwa tabaka juu ya tabaka. Kitendo hicho tukiiteje? Neno litujialo upesi ni "kukamua". Hatulikubali. Mama wa Tanga au Pangani akamuapo tui kwa kifumbu, tui hutoka, chicha hubaki. Kukamua ni kutenga. Katika sindano kiingiacho ndicho kitokacho. Mwanafunzi afunzwaye kwa neno hilo atadhani seli ndizo chicha.

Twapendekeza "kuminya", na nguvu itajwe: kwa hewa, kwa pistoni, kwa parafujo. Tofauti hizo si za jina tu. Hewa hubonyea, hivyo uzi huchelewa kuanza na kukoma. Pistoni hutawala kiasi vizuri zaidi. Parafujo humudu uji mzito mno, lakini mzunguko wake waweza kuzijeruhi seli.

Watakaodai kwamba kuminya ni kwa vidole tu, na waitazame dawa ya meno: haiachi chicha.