Sony Labou Tansi, fundi wa riwaya na jukwaa

Marcel Ntsoni, aliyejulikana duniani kwa jina la Sony Labou Tansi, alizaliwa 1947 karibu na Kinshasa, akavuka Mto Kongo angali mtoto na kusomea Kongo-Brazzaville. Kwao walizungumza Kikongo; Kifaransa alikikuta shuleni. Akaja kukiandika kwa namna ambayo Paris haikuwahi kuisikia.

Mwaka 1979 ulikuwa wake. Riwaya yake La Vie et demie ilichapishwa Ufaransa, na mwaka huohuo akaanzisha Brazzaville kundi la maigizo, Rocado Zulu Théâtre. Katika riwaya hiyo dikteta anamchinja mpinzani wake, Martial, mezani wakati wa mlo, lakini Martial anagoma kufa. Anarudi tena na tena, akiacha wino mweusi usiotoka hata uoshwe vipi. Sijasoma picha ya udikteta iliyo kali kuliko hiyo.

Riwaya ya L'Anté-peuple ilimpatia tuzo kubwa ya fasihi ya Afrika 1983. Hata hivyo, mimi humpongeza zaidi kwa jukwaa. Akiwa mwalimu wa Kiingereza, alitunga tamthilia, akawafunza waigizaji vijana, kisha akawapeleka hadi tamasha la Limoges, ambako Wafaransa walikaa kuwasikiliza Wakongo wakitawala lugha yao. Baadaye akawa mbunge.

UKIMWI ulimchukua Juni 1995, siku chache baada ya mkewe. Leo wanafunzi wa sekondari husoma tamthilia mpya na kuchagua mshindi wa tuzo yenye jina lake.