Safari Inayohesabiwa Kuanzia Jioni

Wengi wetu hupanga safari ya kulala mlimani kuanzia asubuhi: tuamke saa ngapi, tupande gari lipi. Mwongozaji mzuri wa Kwai, kijiji cha milimani Lushoto, huanzia mwisho. Saa kumi na moja jioni hema liwe limeshasimama; hiyo ndiyo saa ya kwanza kuwekwa, na nyingine zote hupangwa kurudi nyuma kutoka hapo. Huku karibu na Ikweta jua halichelewi kuaga. Kufika saa moja limekwisha kuzama, na chini ya miti mikubwa ya mikulo katika msitu wa Magamba giza hutangulia.

Basi hesabu inarudi. Ili hema lisimame saa hiyo, kijiji kiachwe asubuhi. Ili kiachwe asubuhi, kibali cha kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kiwe kimeshughulikiwa jana yake. Na jana hiyohiyo makande yawe jikoni.

Hapo kwenye makande ndipo ninapovua kofia. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 93 tu, na maharage hayana huruma: utachochea mpaka usiku wa manane na bado yatagonga meno. Kuni za msituni zimelowa ukungu, na moto wenyewe ni jambo la kuombea ruhusa. Kwa hiyo mahindi na maharage hulowekwa mapema, huchemshwa nyumbani, hukaushwa mchuzi, hutiwa chumvi na kitunguu, kisha huingia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana. Jioni kazi ni kupasha tu, kwenye jiko la gesi.

Begi nalo lina mantiki yake. Ndani kabisa, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ni nguo za kulalia, ambazo hazivaliwi njiani hata ukitetemeka. Turubai hukaa juu ya vyote, maana mvua ikianza ndilo la kwanza kutafutwa, na hakuna anayetaka kumwaga sufuria na soksi kwenye tope ili alifikie. Sweta liwe la sufu. (Jinzi, kwa maoni yangu, ingepigwa marufuku getini: ikilowa haikauki mpaka urudi Lushoto.)

Mgeni wa kutoka Tanga mjini hubisha kuhusu sweta. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza takriban nyuzi 6, kwa hiyo akifika Magamba ameshaacha nyuzi 12 pwani, na usiku bado haujaingia. Ubaridi huu ndio uliowavuta Wajerumani kufungua kituo cha majaribio ya kilimo hapa Kwai mwishoni mwa karne ya 19, na ndio unaostawisha kabichi na viazi mashambani leo.

Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Juni hadi Agosti njia ni kavu lakini baridi inauma, ongeza blanketi. Ukija, chukua karatasi, andika saa kumi na moja jioni chini kabisa, kisha jaza kwenda juu. Nakala mwachie mtu anayebaki kijijini, umwambie na saa ya kurudi.