Benchi, Kaburi na Fomu ya Kodi

Ukitoka Tabora mjini kwenda kusini na kuipita Sikonge, barabara inakufikisha Ipole na hapo inagawanyika. Moja inashika Koga kwenda Mpanda, nyingine inashika Rungwa kwenda Mbeya. Ni nchi ya miombo, mizinga ya nyuki na tumbaku, na ni nchi ya Wamoravian. Kanisa hilo liliingia Unyamwezi mwaka 1898, lilipopokea kituo cha Urambo kutoka London Missionary Society, kisha likashuka kusini hadi Kitunda, Sikonge na Ipole. Leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kama Tanzania.

Kijana mmoja wa kwaya alinijia asubuhi na simu mkononi. "Mwangaluka, baba," akaanza, kisha akanionyesha mhubiri wa Marekani aliyekuwa akisema mwanasiasa fulani amepakwa mafuta na Mungu, na kwamba taifa lile ni la Wakristo, wengine ni wageni. "Hawa wanasoma Biblia hii hii yetu. Imekuwaje?"

Swali lake ni la ufundi, na nataka kulijibu kifundi. Imekuwaje: kwa hatua zipi, kwa vifaa gani, kwa mikono ya nani? Anayetafuta jibu ndani ya mahubiri peke yake atakosa sehemu kubwa ya habari. Sehemu hiyo imo katika daftari la karani, katika mpangilio wa benchi, katika ramani ya makaburi, katika fomu ya kodi. Na inaanzia nyumbani, ndani ya kanisa letu wenyewe.

Wamoravian wa Herrnhut, kule Saxony, walituma wamisionari wao wa kwanza mwaka 1732. Leonhard Dober na David Nitschmann walikwenda St. Thomas, kisiwa cha Karibi kilichokuwa chini ya Wadenmaki, kuwahubiria watumwa. Kabla muongo ule haujaisha, misheni ilikuwa na shamba lake na watumwa wake. Mwaka 1766 ndugu wengine wa kanisa hilo walianza kujenga mji wa Salem, North Carolina. Mambo mazito waliyaamua kwa kura, kwa maana ya zamani ya neno hilo: vikaratasi ndani ya chombo, mkono unaingia, na kinachotoka kinahesabiwa kuwa sauti ya Mwokozi. Mwaka 1769 walipiga kura ya namna hiyo kuuliza kama wamnunue mtumwa mmoja aliyeitwa Sam. Jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka 1771 akabatizwa, akaitwa Johann Samuel.

Baada ya ubatizo, mtumwa huyo aliketi benchi moja na wenye mji. Waumini walipeana busu la amani, walioshana miguu, walikula chakula kimoja cha Bwana. Kwenye makaburi yao, waliyoyaita Shamba la Mungu, mawe yote yalikuwa bapa na ya namna moja, tajiri na fukara, na wafu walilazwa kwa makundi ya umri na ndoa badala ya koo. Peter Oliver, mfinyanzi aliyezaliwa utumwani na baadaye akawa huru, alipofariki mwaka 1810 alizikwa humo, kati ya ndugu weupe.

Nimelifikiria sana kaburi hilo. Linathibitisha kwamba walijua namna ya kuishi bila kutengana, kwa sababu walikuwa wakiishi hivyo. Kutengana kulikuja baadaye, na kulijengwa.

Kilichotokea ni hiki. Kizazi kilichozaliwa Marekani kilikua kikitazama majirani wenye mashamba, na kikaanza kuona haya kushikana mikono na mtumwa kanisani. Malalamiko yalifika kwenye vikao, na vikao vikatafuta utulivu. Busu likaachwa kwanza, benchi la nyuma likafuata. Mwaka 1816 ikaamuliwa kwamba watu weusi wasizikwe tena katika Shamba la Mungu. Mwaka 1822 ukaanzishwa ushirika wao wa peke yao, na mwaka uliofuata wakajengewa kanisa la magogo. Hakuna ungamo la imani lililoandikwa upya ili hayo yawezekane. Mwaliko wa Kristo ulibaki vilevile, na waliobadilisha mambo walikuwa wazee wa kanisa, kikao baada ya kikao.

Ile hatua ya 1822 inafaa kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo fundisho la kazi yote. Haikutangazwa kama kufukuzwa. Ilitangazwa kama misheni. Akina mama weupe wa mji walianzisha chama cha kuichangia, wakatoa fedha kwa moyo, bila shaka wengi wao kwa sala za kweli. Huku kwetu, katika misafara ya zamani iliyopita Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa na kukazwa hata mpagazi akaweza kulibeba miezi mitatu bila kuona kilichomo. Salem walifunga mtumba wa namna hiyo. Nje ulikuwa upendo wa misheni, ndani ulikuwa ukuta. Waliobeba walihisi uzito wa upendo tu.

Mwaka 2006 jimbo la Kanisa la Moravian la kusini mwa Marekani liliomba msamaha rasmi kwa kushiriki utumwa. Ilikuwa miaka 190 tangu ule uamuzi wa makaburi.

Sasa turuke hadi karne iliyopita, maana kuna mtumba wa pili, na huo ndio uliomfikia yule kijana kwenye simu.

Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku shule za serikali za kubagua rangi mwaka 1954. Katika majimbo ya kusini wazazi wengi weupe walihamisha watoto, na shule binafsi zikaota, nyingi zikiwa na jina la Kikristo mlangoni. Katika kaunti ya Holmes, Mississippi, utenganishaji ulipoondolewa kweli mwaka 1969, wanafunzi weupe wa shule za serikali walishuka kutoka 771 hadi 28 kwa mwaka mmoja. Wazazi weusi wa huko wakauliza mahakamani swali la kihasibu kabisa: shule inayobagua inastahilije msamaha wa kodi, kama vile ni taasisi ya hisani? Mwaka 1971, katika kesi ya Green dhidi ya Connally, walishinda. Chuo Kikuu cha Bob Jones, cha South Carolina, ambacho kilikuwa kimewafungia milango wanafunzi weusi hadi mwaka huo, na baadaye kikakataza uchumba wa rangi mbili, kilinyang'anywa msamaha wa kodi mwaka 1976.

Hapo ndipo fundi wa siasa alipoingia. Paul Weyrich alikuwa amejaribu kwa miaka kuwaamsha Wakristo wa kiinjili weupe wawe jeshi la wapiga kura wa mrengo wa kulia, na alikuwa amejaribu mada nyingi. Mwanahistoria Randall Balmer, ambaye kazi yake inanishawishi, anaeleza kwamba utoaji mimba haukuwa cheche ya kwanza. Wabaptisti wa Kusini wenyewe, katika mkutano wao wa 1971, walipitisha azimio la kuruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa. Kilichowatoa wachungaji ofisini ni barua ya mtoza kodi. Wapo wanahistoria wanaotoa uzito zaidi kwa sala mashuleni au kwa hofu ya mabadiliko ya familia, na hofu hizo zilikuwepo kweli. Lakini mpangilio wa tarehe una nguvu yake: shule na kodi zilitangulia, na mimba ikawa bendera ya mbele mwishoni mwa muongo, wakati mhubiri Jerry Falwell alipoanzisha kundi la kisiasa la Moral Majority mwaka 1979.

Hakuna aliyeweza kusimama mwaka 1979 na kuomba kura kwa ajili ya shule za weupe. Kwa hiyo mtumba ulifungwa upya, na nje yake pakaandikwa uhuru wa dini. Serikali inaingilia kanisa, walisema. Neno hilo ni zuri na la kweli mahali pengine pengi, ndiyo maana lilibebeka. Mwaka 1980 wengi wao walimwacha Jimmy Carter, mwalimu wa shule ya Jumapili wa Kibaptisti, wakamfuata Ronald Reagan. Mwaka 1983 Mahakama Kuu iliamua dhidi ya Bob Jones kwa majaji 8 kwa 1, lakini jeshi lilikuwa limeshaundwa na halikuhitaji tena ile kesi. Mwaka 2016, Wakristo wa kiinjili weupe wapatao 8 katika kila 10 walimpigia kura Donald Trump, wakati Waprotestanti weusi, wenye Biblia ileile na mara nyingi mahubiri ya wokovu yaleyale, walikwenda upande mwingine kwa wingi mkubwa. Kama imani peke yake ndiyo ingekuwa sababu, makundi hayo mawili yasingeachana hivyo.

Ufundi huo umeshafika kwetu. Kenya ilipokuwa ikielekea kura ya maoni ya Agosti 2010, kituo cha wanasheria cha Marekani kilichoanzishwa na Pat Robertson kilikuwa na tawi lake Nairobi, nalo likawa upande wa makanisa yaliyopinga katiba mpya kwa sababu ya mimba na mahakama za kadhi. Mahakama hizo zilikuwemo katika katiba tangu uhuru, kwa makubaliano yaliyohusu ukanda wa pwani. Zikageuzwa kuwa tishio kwa Mkristo. Wakenya wawili katika kila watatu walisema ndiyo kwa katiba, lakini mstari kati ya jirani na jirani ulikuwa umekwisha kuchorwa.

Na sisi? Tabora ilikutana na ufundi wa namna hiyo, safari hii ndani ya karatasi ya kura, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi ambao kila mpiga kura lazima achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ukimchagua mmoja tu, kura yako imeharibika. Rangi iliwekwa ndani ya karatasi yenyewe, na Wazungu, watu elfu 20 hivi katika nchi ya mamilioni, wakapewa theluthi ya viti. Wajumbe wa chama cha TANU walikutana Tabora na wengi walitaka kususa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha mji huohuo, alishauri waingie. Kura zilikuwa 37 kwa 23. Zuberi Mtemvu alijitoa, akaunda chama cha Waafrika peke yao.

Ninavyoisoma mimi, TANU walikwenda kwenye kiungo kilekile ambacho karani alikitumia kutenganisha. Karatasi ilidai Mzungu na Mwasia, basi wakatafuta Mzungu na Mwasia watakaosimama na madai ya uhuru, wakawaomba wanachama wao wawapigie kura. Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson waliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Waafrika. Chama pinzani cha UTP, kilichopewa moyo na Gavana Twining, kikafa. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Nyerere alisema serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ikaja kufunga mlango mwingine: chama cha dini moja, kabila moja au rangi moja hakisajiliwi.

Nilimwambia yule kijana kuhusu Barbro Johansson. Alikuwa mmisionari wa Kiswidi, alifika Bukoba mwaka 1946 kufundisha wasichana. Mwaka 1959, kwenye ile nafasi ya Mzungu, TANU waliweka jina lake, naye akachaguliwa.