Karatasi, Makala au Hati?

Katika kazi za tafsiri tunazosahihisha hapa Uganda, neno la Kiingereza "paper" hugeuzwa "karatasi" kila mahali. Mhadhiri "amesoma karatasi" kongamanoni. Habari imetoka "katika karatasi ya jana". Mwenye shamba "hana karatasi". Ni karatasi tupu, au vipi? Mwanafunzi husoma maana ya kwanza katika kamusi, akaifunga. Kiswahili kina makala, gazeti na hati. Hati hasa ina uzito wa kisheria: mwenye karatasi tu aweza kunyang'anywa shamba, mwenye hati ana la kusema. "Karatasi ya kwanza" ya mtihani tunaikubali, kwani mitihani ya taifa ya jirani zetu Kenya huchapwa hivyo. Ile ya kongamanoni hatuikubali, hata ikiandikwa na mwalimu.