Kiberiti, Penseli na Mvuke wa Zebaki

Juu ya meza kuna boksi la kiberiti lililofunguliwa nusu. Njiti 20 zimelazwa, 10 kuume na 10 kushoto, kama sentimita 15 kutoka kwenye boksi. "Papa, okota moja kwa mkono wa kuume, tia ndani. Ya pili kwa wa kushoto. Endelea hivyo hivyo mpaka ziishe." Saa inabonyezwa. Mtoto anayechungulia dirishani atacheka, maana anaona mzee anacheza. Mpimaji anatazama mengine: njiti ya ngapi imedondoka, mkono upi unasita kabla ya kushika, na kama vidole vinaanza kutetemeka vikikaribia njiti au vilikuwa vikitetemeka tangu vilipolala pajani.

Kipimo hicho kilitumika mwaka 2003 huko Rwamagasa, wilaya ya Geita, Tanzania, katika uchunguzi wa afya ulioendeshwa chini ya shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, ambao daktari Stephan Bose-O'Reilly na wenzake waliuchapisha baadaye. Vipimo vingine vilikuwa rahisi vivyo hivyo: kudonoa nukta kwenye karatasi kwa penseli kwa sekunde 10, kuchora mstari katikati ya mistari miwili, kurudia tarakimu zinazotajwa. Hukumu haikutolewa kwa kiberiti peke yake. Matokeo yaliwekwa pamoja na kiasi cha zebaki kilichokutwa kwenye mkojo, damu na nywele. Kati ya wachomaji 104 wa amalgamu, yaani donge la zebaki na dhahabu, karibu robo walikutwa na sumu ya zebaki ya muda mrefu, ile inayoingia kidogo kidogo na kujilimbikiza mwilini.

Naitaja Rwamagasa kwa sababu ya Misisi, huko Fizi, Kivu Kusini, nchini Congo. Ukitoka Baraka ukapanda kwenda Fizi, kisha Lulimba, unaufikia mji uliosimama kwa dhahabu: mashimo ya Akyanga, mama wanaotwanga mawe, maduka ya wanunuzi yenye mizani midogo. Mahali pengi wachimbaji wadogo wanapotafuta dhahabu ya vumbi, zebaki huwa haiko mbali. Inamiminwa kwenye karai, inaikamata dhahabu, inakamuliwa kwa kitambaa, na lile donge jeupe linawekwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Moto wa makaa ukipulizwa vizuri unatosha. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na mara nyingi anayeuvuta hakohoi. Ndiyo maana watu hulichoma donge hata jikoni, mtoto akiwa mgongoni.

Kijana wa Fizi anayesoma sayansi ya neva kwa shahada ya uzamili ya utafiti ataanza na safari ya mvuke huo. Karibu asilimia 80 ya unaovutwa hubaki mwilini. Ukiwa kwenye damu bado hauna chaji ya umeme, kwa hiyo unapenya ule ukuta unaoulinda ubongo dhidi ya vitu vingi vya damuni. Ndani ya seli, vimeng'enya vinaugeuza. Unapata chaji, unang'ang'ania protini zenye salfa, na kutoka tena ni kazi. Hayo yako vitabuni, na mwanafunzi mwenye bidii atayameza kwa wiki moja. Ninachokistahi mimi ni kinachofuata, pale anapotakiwa kuketi mbele ya mtu mzima na kujua, kwa kumtazama mkono, ubongo wake umefikia wapi.

Kazi hiyo ina mkono wake, kama ilivyo kazi ya fundi saa. Mtu anaambiwa aguse pua yake, kisha kidole cha mpimaji, kisha pua tena. Mpimaji anakisogeza kidole chake mbali kidogo, hadi mkono wa mwenzake unyooke kabisa, maana mkono uliokunjika unaficha mtetemeko. Kisha kiganja kinapinduliwapinduliwa pajani upesi, kisigino kinateremshwa juu ya muundi wa mguu wa pili. Ubongo mdogo ulioko kisogoni ukiwa na kasoro, kidole hupepesuka zaidi kadiri kinavyokaribia kinapokwenda. Mtetemeko wa aina nyingine huonekana mkono ukiwa umetulia, na huenda ukapungua mtu anapoutumia. Tofauti hiyo inaonekana kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hakuna mwalimu anayeweza kuieleza ikaeleweka bila kuionyesha kwenye mikono ya watu wengi.

Tena si kila mkono unaotetemeka una zebaki. Mtu ametoka shimoni usiku kucha, hajala. Mwingine alikunywa pombe ya lotoko jana. Mwingine ana malaria, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au ni mzee tu. Mtafiti mzuri anawauliza hayo yote kabla ya kufungua boksi la kiberiti, na anawapima wote saa ile ile ya asubuhi. Hata kipimo cha tarakimu kina mtego: Misisi mtu anaweza kuhesabu pesa kwa Kifaransa, mifuko ya mawe kwa Kiswahili, na kuwaita watoto wake kwa Kibembe. Ukimtajia tarakimu kwa lugha aliyoisikia shuleni miaka miwili tu, umepima shule yake, hukupima kumbukumbu.

Congo tayari ina mfano wa jinsi uvumilivu huu wa upimaji ulivyozaa matunda. Huko Kahemba, kusini-magharibi mwa nchi, ugonjwa uitwao konzo hupoozesha miguu ya watu wanaokula muhogo mchungu usiorowekwa vya kutosha. Désiré Tshala-Katumbay, mtaalamu wa neva Mkongomani, pamoja na Michael Boivin na wenzao, waliwapima watoto kwa mafumbo, picha na kazi za mikono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba hata watoto wasio na konzo, lakini wanaoishi katika nyumba zenye ugonjwa huo, walikuwa nyuma ya wenzao wa mahali usipokuwepo. Miguu ilikuwa mizima. Jicho la kawaida lisingeona kitu. Na ugonjwa wenyewe hauko mbali na Fizi: mwaka 2011 Joelle Chabwine na wenzake waliandika juu ya kutokea kwake Kivu Kusini, katika eneo lililochakazwa na vita.

Mashine za kupiga picha ubongo zina heshima yake, nami sizidharau. Lakini picha haisemi kama baba ataweza kufunga vifungo vya shati lake, na hilo ndilo swali ambalo mkewe atamuuliza daktari.

Sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kujizuia. Anayepima hatakiwi kujua nani ni mchomaji na nani ni mkulima, kwa sababu jicho linalotarajia mtetemeko huuona. Rwamagasa walikuwa na kundi la kulinganisha kutoka Katoro, mbali na machimbo. Mwanafunzi wa Misisi naye atalazimika kulitafuta lake, labda kwenye vijiji vya ziwani, na kuwaleta watu wa pande zote mbele ya meza moja. Wote watanawa mikono kwanza, maana udongo wa shimo kwenye kucha unatoa siri. Maswali ya kazi yataulizwa na mtu mwingine, chumba kingine, na karatasi zake zitafungiwa. Mwenye kiberiti atazisoma siku sekunde zote zitakapokuwa zimekwisha kuandikwa kwa wino.